Kupima planktoni katika delta ya Mto Mackenzie: hadubini, klorofili, vinasaba au setilaiti?

Anayepanga kuchunguza planktoni, yaani mwani mdogo, wanyama wadogo na viumbe wengine wadogo wanaoelea majini, katika delta ya Mto Mackenzie, kaskazini-magharibi mwa Kanada, hulazimika kuamua mapema atatumia njia gani, kwa kuwa fedha za msimu mmoja hazitoshi kufanya kila kitu na majira ya maji yaliyo wazi ni mafupi: barafu hufunika mikondo na maziwa kuanzia Oktoba hadi mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni. Njia zinazoshindana ni nne. Ya kwanza ni kuhesabu viumbe kwa hadubini, ya pili ni kupima klorofili na rangi nyingine za mwani, ya tatu ni kusoma vinasaba vilivyomo ndani ya maji, na ya nne ni kutumia picha za setilaiti. Kila moja ina watetezi wake, na kila moja imewahi kumpa mtafiti makini jibu lisilo sahihi.

Ni lazima kwanza kuyafahamu maji yenyewe. Delta hii ina eneo la takriban kilomita za mraba 13,000 na maziwa zaidi ya 45,000, mengi yakiwa na kina kifupi, na mto unaoilisha hukusanya maji ya bonde lenye takriban kilomita za mraba milioni 1.8. Hakuna mto mwingine unaomwaga maji katika Bahari ya Aktiki unaobeba mashapo mengi kuliko huu. Barafu inapovunjika, vipande vyake huziba mikondo, maji hupanda na kufurika kwenye maziwa, yakiingiza tope na virutubisho kwa wakati mmoja. Wataalamu huyagawa maziwa hayo katika makundi matatu kwa kufuata urefu wa kizingiti kinachoyatenga na mto: yaliyo chini kabisa hubaki yameunganika na mto kiangazi kizima, ya kati hufurikiwa kila mwaka kisha hukatika, na yaliyo juu hupitwa na mafuriko katika baadhi ya miaka. Katika maziwa yanayopata mafuriko mara kwa mara, mwani hukosa mwanga kwa sababu ya tope. Katika yale ya juu, ambako maji ni maangavu, hukosa virutubisho, na sehemu kubwa ya uzalishaji hushikwa na mimea iliyoota chini.

Mpangilio huo unabadilika. Mwaka 2007 watafiti Lance Lesack na Philip Marsh walionyesha kwamba maziwa ya chini yanakaa yameunganika na mto kwa muda mrefu zaidi kuliko zamani, jambo linaloendana na kupanda kwa usawa wa bahari, huku maziwa ya juu yakiunganika kwa muda mfupi zaidi, kwa kuwa mafuriko yanayosababishwa na vizuizi vya barafu yamepungua nguvu. Maana yake ni kwamba ndani ya delta moja kuna maziwa yanayoelekea kuwa na tope zaidi na mengine yanayoelekea kuwa maangavu zaidi. Ongeza kuyeyuka kwa ardhi iliyoganda: kwenye nyanda za Mto Peel, unaoingia katika delta hii, maporomoko ya ardhi iliyokuwa na barafu humwaga udongo katika vijito.

Ugumu wa uchaguzi unatokana na hali hiyo. Kila njia huiona planktoni kupitia maji, na maji yanapobadilika, uwezo wa njia hiyo kuona hubadilika pamoja nayo. Mtafiti asipokuwa mwangalifu ataripoti mabadiliko ya viumbe, kumbe kilichobadilika ni uwazi wa maji. Hatari hii ndiyo ninayotaka msomaji aishike anapozipima njia zote nne.

Vigezo vya kulinganisha

Nimeweka vigezo vitano, na kila njia itapimwa kwa vyote. Cha kwanza ni swali ambalo njia inaweza kulijibu, kwa sababu kujua aina zilizopo ni jambo moja na kujua wingi wake ni jambo jingine. Cha pili, ambacho katika delta hii nakipa uzito mkubwa kuliko vingine, ni jinsi njia inavyofanya kazi katika maji ya tope na katika maji yenye rangi ya kahawia inayotokana na mimea iliyooza. Cha tatu ni uwezekano wa kulinganisha matokeo na kumbukumbu za miaka iliyopita. Cha nne ni gharama, ustadi na usafirishaji, na cha tano ni aina ya mtafiti anayefaidika zaidi.

Hadubini

Swali inalojibu. Hadubini hueleza ni viumbe gani waliopo, ni wangapi, wana ukubwa gani na wako katika hali gani. Kwa mwani, maji hutiwa iodini ya Lugol mpaka yawe na rangi ya chai ya rangi isiyokolea, humiminwa katika chemba ya kutuamisha, huachwa kwa saa nyingi ili seli zizame, kisha huhesabiwa kwa hadubini iliyogeuzwa, yaani ile ambayo lenzi zake hutazama kutoka chini. Utaratibu huu hujulikana kwa jina la Utermöhl. Kwa zuplanktoni, yaani wanyama wadogo wa planktoni, hutumiwa wavu wenye matundu madogo, na wanyama waliopatikana huhifadhiwa kwa fomalini au ethanoli. Kati ya njia zote nne, hii peke yake ndiyo inayoweza kuonyesha kwamba wanyama wa aina ya dafnia wa ziwa fulani wamebeba mayai na wale wa ziwa la jirani hawana, au kwamba kopepodi, aina nyingine ya wanyama hao, wote wangali wachanga wakati kiangazi kinaelekea ukingoni. Kwa mtu anayefikiria chakula cha samaki wachanga wa jamii ya Coregonus, ambao wakikua huvuliwa na kuliwa na Wainuvialuit na Wagwich'in wanaoishi katika delta hii, habari za namna hiyo zina thamani kubwa.

Katika tope na maji ya kahawia. Rangi ya kahawia haiisumbui hadubini. Tope huisumbua sana. Maji ya mkondo ya mwezi Juni yakituama, sakafu ya chemba hujaa punje za udongo, na makoloni ya mwani aitwaye Asterionella yenye umbo la nyota huonekana nusunusu kati ya punje hizo, huku seli ndogo zikipotea kabisa chini yake. Dawa ya hali hiyo ni kutuamisha maji kidogo zaidi, lakini spishi adimu humponyoka anayefanya hivyo. Wavu nao huziba, hivyo kiasi cha maji kilichopita ndani yake huwa kidogo kuliko urefu wa kamba unavyoonyesha, na kifaa cha kupima mkondo kikikosekana mdomoni mwa wavu hesabu yote ya wanyama kwa lita huharibika. Matokeo yake ni kwamba ziwa linapokuwa angavu kwa kukosa mafuriko, mtafiti huhesabu maji mengi zaidi na kukuta spishi nyingi zaidi, hata kama hakuna spishi mpya iliyoingia. Seli zilizo chini ya mikromita 2, zikiwamo sianobakteria wadogo ambao ni wengi katika maziwa na mito ya Aktiki, hazihesabiki kwa utaratibu huu. Huhitaji hadubini ya mng'ao.

Kulinganisha na miaka iliyopita. Njia hii ndiyo yenye nguvu zaidi hapa. Kumbukumbu nyingi za zamani za planktoni zimetokana na kuhesabu, na sampuli iliyohifadhiwa vizuri inaweza kufunguliwa tena baada ya miaka mingi na mtu mwingine mwenye swali jingine. Kasoro ni kwamba majina ya spishi hubadilika na wahesabuji hutofautiana, hivyo kulinganisha kwa kiwango cha jenasi mara nyingi huwa salama zaidi kuliko kwa spishi.

Gharama na kazi. Vifaa hudumu miongo kadhaa, lakini muda unaotumika ni mwingi. Ukihesabu seli 400 za aina moja, kosa la kitakwimu huwa takriban asilimia 10, na kufikia idadi hiyo kwa aina chache tu katika sampuli yenye tope kunaweza kumaliza siku nzima ya kazi. Fomalini na ethanoli husafirishwa kwa ndege kama mizigo ya hatari, jambo linalohitaji kupangwa kabla ya kuondoka Inuvik, mji ulio katika delta hii.

Inamfaa nani. Inamfaa mwenye swali kuhusu chakula cha samaki, muundo wa jamii ya viumbe, au mabadiliko ya miongo mingi, na aliye na mwalimu wa kumsahihisha katika utambuzi. Msomaji aliyejifunza kuhesabu planktoni ya Ziwa Victoria au Ziwa Tanganyika ataikuta kazi ni ileile, ingawa orodha ya viumbe itakuwa nyingine.

Klorofili na rangi nyingine za mwani

Swali inalojibu. Maji huchujwa, rangi iliyobaki kwenye karatasi ya nyuzi za kioo huyeyushwa kwa asetoni au ethanoli, na mng'ao wake hupimwa. Matokeo ni makadirio ya wingi wa mwani wote kwa pamoja. Anayeweza kutenganisha rangi moja moja kwa kromatografia hupata zaidi: fukozanthini huashiria hasa daiatomu, alozanthini huashiria kriptofita, na klorofili b huashiria mwani wa kijani. Zuplanktoni haionekani kabisa kwa njia hii.

Katika tope na maji ya kahawia. Kipimo cha maabara kinastahimili hali zote mbili, ila karatasi huziba mapema kwenye tope. Kifaa kinachozamishwa majini na kusoma mng'ao papo hapo ndicho cha kuangaliwa kwa makini, kwa sababu vitu vya kahawia vilivyoyeyuka navyo hung'aa na vinaweza kusomwa kama mwani, na kwa sababu mwani uliopigwa na jua kali hupunguza mng'ao wake. Mjini Inuvik jua halizami kwa zaidi ya siku 50 mfululizo kila kiangazi, hivyo dawa ya kawaida ya kupima usiku wa giza haipatikani. Lililo gumu zaidi ni kwamba seli inayoishi katika mwanga hafifu hujijazia klorofili nyingi kuliko seli ya aina hiyohiyo iliyo katika mwanga mwingi. Ziwa la tope likiwa angavu, klorofili inaweza kushuka bila uzito wa mwani kupungua kwa kiwango hicho, na mtu akadhani kwamba ziwa limekuwa maskini.

Kulinganisha na miaka iliyopita. Klorofili imepimwa duniani kote kwa miongo mingi, na namba zake hulinganishika kwa urahisi iwapo kiyeyushi na aina ya chujio vimeandikwa.

Gharama na kazi. Hii ndiyo njia ya haraka zaidi kwa anayekwenda kwenye maji mwenyewe: sampuli nyingi hukamilika kwa siku moja. Sharti lake ni giza na ubaridi mkali tangu kuchuja hadi kupima, na mnyororo huo ukikatika njiani hakuna namna ya kuziokoa sampuli. Kromatografia hupandisha gharama mara nyingi.

Inamfaa nani. Inamfaa anayetaka kupima maziwa mengi kwa mpigo, au kufuatilia ziwa moja wiki baada ya wiki, na ambaye swali lake ni wingi wa mwani kwa jumla.

Vinasaba ndani ya maji

Swali inalojibu. Chembe zote zilizomo katika maji huchujwa, vinasaba vyake hutolewa, na sehemu fulani za jeni hunakiliwa na kusomwa. Kwa wakati mmoja mtafiti hupata bakteria, mwani, protisti na, akichagua jeni inayofaa, zuplanktoni pia. Seli ndogo ambazo hadubini haizioni hujitokeza, na spishi zinazofanana kwa sura hutenganishwa. Kinachopatikana ni orodha na uwiano, si idadi kwa lita: kundi moja likistawi, sehemu ya makundi mengine katika jumla hupungua hata kama wingi wake haukuguswa.

Katika tope na maji ya kahawia. Hapa njia hii hukutana na vizuizi vitatu, na ningemshauri kila mwanafunzi avijaribu kwa sampuli chache kabla ya kutia saini bajeti. Kizuizi cha kwanza ni asidi za mboji zinazoyapa maji rangi ya kahawia, ambazo huzuia kunakiliwa kwa jeni. Sampuli inaweza kutoa jibu tupu ingawa imejaa viumbe. Cha pili ni chujio la mikromita 0.2 kuzibwa na tope baada ya mililita chache, wakati ziwa angavu la jirani linapitisha lita nzima. Tofauti hiyo ya ujazo peke yake huzaa tofauti ya idadi ya spishi, kama ilivyo kwa hadubini. Cha tatu ni mto wenyewe. Maji yanayofika kwenye delta yamepita katika nchi kubwa mno, na yamebeba vinasaba vya viumbe walioishi katika vijito na maziwa ya mbali, wengine wakiwa wamekufa zamani, kwa sababu ubaridi huhifadhi vinasaba. Orodha ya spishi kutoka ziwa lililounganika na mto ni orodha ya ziwa na ya mto pamoja. Kwa hiyo sampuli za mkondo, zilizochukuliwa siku hiyohiyo, ni za lazima. Bila hizo haijulikani ni kipi cha ziwa na ni kipi kilicholetwa na mto.

Kulinganisha na miaka iliyopita. Kumbukumbu ni changa, maktaba za jeni zina mapengo kwa viumbe wa Aktiki, na mbinu hubadilika haraka. Lakini vinasaba vilivyogandishwa leo, pamoja na mfuatano wa jeni uliowekwa hadharani, vitaweza kusomwa upya maktaba zitakapokamilika, na hilo ni jambo la kumfikiria mtafiti wa kesho.

Gharama na kazi. Kazi ya ziwani ni nyepesi na haihitaji mjuzi wa spishi. Mzigo huhamia maabara na kwenye kompyuta, na lazima zitengwe sampuli za maji safi yasiyo na kiumbe ili kugundua uchafuzi.

Inamfaa nani. Inamfaa anayeshughulikia bakteria na seli ndogo, anayetafuta spishi ngeni au adimu, na aliye na uhakika wa maabara na msaada wa uchambuzi.

Setilaiti

Swali inalojibu. Setilaiti husoma rangi ya maji ya juu. Kutokana na rangi hiyo hukadiriwa klorofili, tope na vitu vya kahawia. Setilaiti nyingine husoma joto. Aina za viumbe hazijulikani, na zuplanktoni haionekani.

Katika tope na maji ya kahawia. Vitu vya kahawia hufyonza mwanga wa buluu kama klorofili inavyofanya, hivyo kanuni zilizotungwa kwa bahari wazi hukuza klorofili ya midomo ya mito ya Aktiki. Tope huongeza mkanganyo, na katika ziwa angavu lenye kina kifupi, mimea ya chini huonekana kana kwamba ni mwani unaoelea. Yapo pia mawingu, jua lililo chini angani, na mwanga unaoruka kutoka kwenye barafu ya kando. Kwa maoni yangu, katika delta hii setilaiti hupima mazingira ya planktoni vizuri kuliko inavyoipima planktoni yenyewe: tarehe ya kuvunjika kwa barafu, upana wa mafuriko, maziwa yaliyopata tope na yaliyokosa, na mkondo wa maji ya kahawia unavyoenea katika Bahari ya Beaufort.

Kulinganisha na miaka iliyopita. Picha za Landsat zenye pikseli za mita 30 zinarudi nyuma hadi miaka ya 1980, na Sentinel-2, iliyoanza kurushwa mwaka 2015, hutoa pikseli za mita 10. Sentinel-3, yenye pikseli za mita 300, hufaa kwa bahari lakini ni butu kwa maziwa mengi ya hapa.

Gharama na kazi. Picha ni bure, na karibu na ncha ya dunia njia za setilaiti hupishana, hivyo eneo moja hupigwa mara nyingi. Majira ya baridi hakuna kinachoonekana chini ya barafu.

Inamfaa nani. Inamfaa asiyeweza kusafiri, anayetaka historia ya miongo, au anayepanga ni maziwa gani ayatembelee.

Kuchagua kwa kufuata hali yako

Kwa njia yoyote utakayoichagua, pima pamoja nayo joto, uwazi wa maji, tope, upitishaji umeme, rangi ya kahawia na virutubisho, andika ujazo uliochujwa au kuhesabiwa kwa kila sampuli, na uandike kama ziwa lilikuwa limeunganika na mto siku hiyo. Omba mapema leseni ya utafiti inayotolewa na Aurora Research Institute, na zungumza na kamati za wawindaji za Wainuvialuit na mabaraza ya rasilimali ya Wagwich'in kabla ya kuamua maziwa, kwa kuwa ardhi na maji hayo yako chini ya mikataba yao ya mwaka 1984 na 1992, na wao wanajua ni ziwa gani lililokosa mafuriko mwaka gani.

Ikiwa una kiangazi kimoja, bajeti ndogo na swali kuhusu athari ya mafuriko kwa mwani, anza na klorofili ya maabara katika makundi yote matatu ya maziwa, na uchukue chupa ya Lugol kila kituo hata kama hutazihesabu zote. Chupa chache utakazozihesabu zitakuonyesha kama klorofili iliyoshuka ilikuwa ni mwani uliopungua au ni seli zilizopata mwanga zaidi.

Ikiwa swali lako ni samaki, hadubini haina mbadala, na fedha zote ziende kwenye nyavu zenye kipima mkondo na kwenye muda wa mhesabuji. Ikiwa ni bakteria na mzunguko wa kaboni inayotoka kwenye ardhi inayoyeyuka, vinasaba vitakupa mengi zaidi, mradi upate pia hesabu ya seli kwa lita kutoka njia nyingine. Kemia ya mto iliyokusanywa na mradi wa Arctic Great Rivers Observatory katika kituo cha Tsiigehtchic, katika kazi iliyoanza mwaka 2003, inapatikana bila malipo na itakusaidia kuyaweka matokeo yako katika majira.

Ikiwa unataka kuchukua sampuli chini ya barafu mwezi Machi au Aprili, setilaiti imekwisha kujiondoa yenyewe, na kati ya zilizobaki ningependelea hadubini au vinasaba, kwa sababu mwani huwa kidogo mno na klorofili yake mara nyingi hukaribia kikomo cha chini cha kipimo.

Ikiwa delta unayoifikiria ni ya Mto Lena huko Yakutia, yenye takriban kilomita za mraba 30,000, vigezo ni vilevile lakini milango haiko wazi kwa wote. Kazi za pamoja za Warusi na Wajerumani katika kisiwa cha Samoylov zilianza mwaka 1998, na tangu mwaka 2022 ushirikiano wa taasisi nyingi za Ulaya Magharibi na vituo vya Urusi umesimama. Kwa aliye nje ya Urusi, linalowezekana ni setilaiti pamoja na sampuli na takwimu zilizokwisha kukusanywa. Aanze kwa kuuliza taasisi zilizoshiriki kama chupa za zamani zingalipo na ni nani anayeruhusiwa kuzifungua.